Yoğurt, Yaourt, Kiselo Mlyako: Majina ya Mtindi Ulaya

Ndugu zangu mlioko nyumbani, karibuni jikoni kwangu hapa Berlin. Kopo hili nimelinunua katika duka la Waturuki mtaani Kreuzberg, na ubavuni mwake neno moja limeandikwa mara mbili: Joghurt kwa Kijerumani, na yoğurt kwa Kituruki, lugha lilikozaliwa. Itazameni hiyo g yenye alama kama bakuli dogo juu yake. Waturuki hawaitamki, bali huivuta tu irabu iliyotangulia, likasikika kama "yo-urt". Waitaliano wanaosema yogurt, Wahispania wenye yogur na Wareno wenye iogurte wote huitamka g waziwazi, ilhali Wafaransa wameizoea yaourt, isiyo na g, kama ilivyo iaurt ya Waromania. Wajerumani wao wanabishana kuhusu jinsia ya neno: wapo wasemao der, yaani la kiume, wapo wasemao das, lisilo la kiume wala la kike, na huko Austria utasikia hata die, la kike.

Kinachonigusa zaidi ni maana. Neno yoğurt lina undugu na kitenzi yoğurmak, yaani kukanda, na yoğun, yaani zito, na tayari katika karne ya 11 Mahmud al-Kashgari aliliingiza katika kamusi yake ya lugha za Kituruki. Wabulgaria, ambao walitawaliwa na Waturuki karibu miaka 500, na ambao bakteria wa mtindi aliyegunduliwa mwaka 1905 na mwenzao Stamen Grigorov akaitwa bulgaricus kwa heshima ya nchi yao, hawakulichukua jina hilo. Wao husema kiselo mlyako, maziwa machachu. Mturuki aliangalia uzito, Mbulgaria akasikiliza ulimi wake.

Nasi tumo katika safu hiyo, na nalisema hili kwa fahari. Maziwa mgando yametajwa kwa kule kuganda, sawasawa na fikra ya Mturuki, na ndugu zetu wa Kenya wanaposema maziwa lala wanataja jambo ambalo majina haya ya Ulaya hayakuligusa, yaani usiku ambao maziwa hulazwa yakageuka yenyewe.

Jana jioni nilichemsha lita moja, nikaiacha ipoe hadi kidole kivumilie, nikakoroga vijiko viwili kutoka kopo hili, nikafunika kwa kitambaa. Sasa nalifunua bakuli. Nikiliinamisha hivi, mnaona, hayamwagiki.