Kilomita 90 na Mteremko Mmoja: Klabu ya Magari ya Zamani Yalala Naivasha

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, na mwenzangu ni yuleyule, fundi Kombo. Leo tunaipeleka klabu Naivasha: kwenda Jumamosi, kulala kando ya ziwa, kurudi Jumapili. Fundi, shikamoo.

KOMBO: Marahaba, dada Rehema. Na wewe unayetusikiliza ukiwa umelala chini ya gari, toka kwanza tusalimiane.

REHEMA: Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Mtu atasema hiyo si safari ya kuandalia kipindi kizima.

KOMBO: Kilomita si neno. Neno ni kwamba unapanda kabla ya kushuka. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama 1,884, lakini katikati barabara ya juu, ya kupitia Limuru, inapita mita 2,500. Gari la miaka ya sitini linapikwa injini likipanda, halafu linapikwa breki likishuka. Yote hayo kabla ya chai ya saa nne.

REHEMA: Tutafika kwenye breki. Kwanza hoteli, maana klabu nyingi hupenda Lake Naivasha Country Club kwa sababu ya historia yake.

KOMBO: Na historia yenyewe ni ya usafiri, kwa hiyo inatuhusu. Kuanzia 1937 hadi 1950 ziwa lile lilikuwa kituo cha ndege za kutua majini, zile zilizotoka Southampton, Uingereza, kwenda Afrika Kusini. Ndege ya namna hiyo haitaki uwanja, inataka maji mapana yaliyotulia. Abiria wakishuka wanahitaji chakula na kitanda. Ndiyo maana unakuta majengo mafupi, nyasi zinazoteremka hadi majini, na migunga mirefu ya manjano imesimama kama nguzo.

REHEMA: Halafu kuna mashindano ya magari ya Safari.

KOMBO: Yalianza 1953, kwa jina la East African Coronation Safari, na yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 makao yake yakawa Naivasha. Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwenye 404 kwenye msafara ana ruhusa ya kuringa. Mradi thamostati yake, kile kilango cha kupitishia maji ya kupoza injini, iwe nzima.

REHEMA: Haya, tupande basi. Gari la rejeta, linalopozwa kwa maji, linaumwa nini kule juu?

KOMBO: Maji kwenye mita 2,500 yanachemka kama nyuzi 92, si 100. Thamostati nyingi za magari hayo zinafunguka kwenye 82. Kwa hiyo kama kifuniko cha rejeta kimekufa, nafasi uliyobaki nayo ni nyuzi kumi tu. Kifuniko kizima cha ratili 7 za shinikizo kinakupandisha tena juu ya 100. Ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye gari, na ndicho watu husahau kubadilisha. Tazama mpira wake wa ndani: ukiwa mgumu au una alama ya kukatika, tupa. Na ununue cha ratili zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukiweka cha ratili 13 kwenye rejeta ya zamani iliyozoea 4, utapasua viungo vya risasi.

REHEMA: Wenye Volkswagen mgongo wa kobe wanacheka, hawana rejeta.

KOMBO: Wasicheke sana. Kwao mkanda wa feni ndio rejeta. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya jenereta inawaka, na hapo husogei hata mita 100, kwa sababu feni ya kupoza injini imesimama pia. Kubeba mkanda wa akiba bila kujua kuufunga ni sawa na kutoubeba.

REHEMA: Tufundishe basi, polepole.

KOMBO: Unahitaji spana ya 21 na bisibisi nene. Kwenye puli ya jenereta kuna pengo la kuingiza bisibisi. Ingiza, iegemeze kwenye boliti ya juu ya jenereta ili puli isizunguke, halafu fungua nati. Puli inatoka nusu mbili, na katikati yake kuna washa nyembamba kadhaa. Hizo ndizo zinazokaza na kulegeza. Ukitoa washa moja katikati, nusu zinakaribiana, mkanda unapanda juu, unakaza. Ukiongeza, unalegea. Unayoitoa usiitupe, ivishe upande wa nje chini ya nati, siku moja utaihitaji. Ukishafunga, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: uingie kama milimita 15. Ukikaza kupita hapo unaua beringi za jenereta.

REHEMA: Na wanaotoka Mombasa kujiunga na wenzao?

KOMBO: Hao ndio wa kuhurumiwa. Kila mita 300 unazopanda, injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Aliyepimiwa petroli usawa wa bahari, akifika juu ya Limuru amepoteza karibu robo. Hewa ni kidogo, petroli ni ileile, plagi zinatoka nyeusi kama masizi. Akiweza, abadilishe jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, aweke ndogo kidogo. Asipoweza, apande kwa gia ya chini, asikanyage hadi mwisho, na ahakikishe choki imerudi yote. Kebo ya choki iliyokwama nusu inamaliza petroli na kuosha oili kwenye silinda.

REHEMA: Kuna lile la gari kuzimika palepale baada ya kupanda, ukipiga stata inazunguka tu.

KOMBO: Hiyo ni petroli imegeuka mvuke ndani ya pampu au kwenye bomba. Umepanda, injini imeiva, ukasimama ununue viazi Soko Mjinga. Hewa haipiti tena, joto la injini linapanda kwenye pampu. Fungua boneti, subiri dakika 15, funga kitambaa chenye maji kwenye pampu ya petroli peke yake. Usimwage maji kwenye injini, utapasua chuma. Viazi nunua wakati wa kurudi.

REHEMA: Sasa njia. Ya juu au ya chini kupitia Mai Mahiu?

KOMBO: Ya juu kwa kwenda. Sina kigugumizi hapo.

REHEMA: Lakini ya chini ndiyo yenye kile kikanisa kidogo walichojenga wafungwa wa vita wa Kiitalia 1942, walipokuwa wakichonga barabara ile. Kila klabu inataka picha pale. Na inakushusha karibu na Moi South Lake Road bila kupita mjini.

KOMBO: Picha wapige Jumapili, wakirudi, wakiwa wanapanda. Kupanda hakuli breki. Kushuka kule unashuka na malori yenye mzigo mbele na nyuma, barabara nyembamba, bega la barabara hakuna la maana. Gari lenye breki za dramu magurudumu yote manne halina kazi ya kufanya pale asubuhi ya Jumamosi. Ya juu mteremko wake ni mrefu lakini una nafuu. Ubaya wake ni ukungu, hasa Juni hadi Agosti, kati ya Limuru na Kinungi. Taa za volti 6 hazifui dafu kwenye ukungu ule. Msitoke Nairobi kabla ya saa moja na nusu asubuhi.

REHEMA: Breki, fundi. Watu wamesubiri.

KOMBO: Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limesimama gereji. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka nyuzi 205. Yakishalowa yanashuka hadi 140. DOT 4 ni 230, yakilowa 155. Sasa ukikanyaga breki dakika kumi mfululizo, joto linafika kwenye silinda za magurudumu, maji yaliyomo yanachemka, yanakuwa mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Pedali inakwenda hadi sakafuni na gari linaendelea.

REHEMA: Na kwenye dramu kuna la ziada.

KOMBO: Dramu ikipata moto inapanuka, inakimbia breki shuu. Ikishapoa, pedali inarudi vizuri kana kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana mtu anafika Naivasha anasema gari lake ni zima. Dawa ni mbili. Wiki moja kabla, toa mafuta yote ya zamani, weka mapya ya kopo lililofunguliwa siku hiyo. Lita moja inatosha na baki inabaki. Anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali: kwa usukani wa kulia, la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mwenzako anakanyaga na kushikilia, unafungua nipo, ile skrubu ya kutolea mafuta kwenye gurudumu, robo mzunguko, mafuta yanatoka, unafunga, NDIPO anaachia. Akiachia kabla hujafunga, umevuta upepo ndani, anzeni upya. Na kila baada ya mara tano au sita ongeza mafuta kwenye chupa ya juu. Ikikauka, kazi yote bure.

REHEMA: Dawa ya pili?

KOMBO: Gia. Shuka na gia ambayo ungepandia. Ikiwa ungepanda pale na ya tatu, shuka na ya tatu, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, unapunguza mwendo, unaachia kabisa ipumue. Mguu usilale pale. Wale wa kutia frii kubana petroli, wabaki nyumbani.

REHEMA: Ukishasikia harufu ya kuungua?

KOMBO: Ingia pembeni mahali pana, zima, weka gia, kinga gurudumu kwa jiwe. Hendibreki usivute: dramu ikipoa inasinyaa juu ya shuu na inaweza kung'ang'ania. Maji usimwage. Nusu saa.

REHEMA: Mpangilio wa msafara wenyewe? Tuseme magari 15.

KOMBO: Makundi matatu ya magari matano, dakika kumi kati ya kundi na kundi. Kumi na tano kwa mfuatano ni mkia ambao matatu haiwezi kuupita, itajipenyeza katikati, na mtu ataumia. Gari lenye nguvu ndogo liwe la pili, nyuma ya kiongozi, mwendo ufuate lake. La mwisho liwe la fundi: kamba ya kuvutia, jeki, maji lita 20, waya, bano za mipira, na vipuri vya kuwashia cheche: koili, poinzi na kondensa. Kwenye kila kona ya kuacha barabara, unasubiri hadi wa nyuma yako akuone. Na tafadhali, msiwashe hazadi mkiwa mnatembea. Ukiwasha hazadi, indiketa yako haionekani.

REHEMA: Tumefika. Simu ya kuweka nafasi mtu aulize nini?

KOMBO: Maegesho kabla ya kitanda. Ardhi iwe ya murramu au saruji, si nyasi; magari yetu yanavuja oili, tusidanganyane, kila mtu abebe boksi la karatasi la kutandika chini ya injini. Iwe mbali na maji, kwani ziwa lile miaka ya karibuni limepanda na kumeza nyumba na mashamba. Na isiwe chini ya migunga.

REHEMA: Kivuli kizuri hivyo?

KOMBO: Kivuli cha nani, cha mnandi na korongo! Hao wanakula samaki mchana, usiku wanalala juu ya boneti yako. Kinyesi chao ni kikali. Rangi za zamani ni laini, jua la saa tano likikipata kimeshaacha alama. Usikikwaruze. Lowesha kitambaa, kilaze pale dakika kumi, kiinue chenyewe. Turubai la kufunika nalo lina masharti: gari liwe safi kwanza. Vumbi la Naivasha ni majivu ya volkano, ukifunika juu yake umefunika msasa.

REHEMA: Hilo vumbi nalo, wanaokwenda hifadhi ya Hell's Gate.

KOMBO: Magari ya chini wayaache, wakodishe baiskeli, inaruhusiwa mle. Wenye Land Rover za chujio la oili, mkitoka mle mwageni oili ya chujio, ikiwa nzito kama uji haishiki tena kitu. La karatasi ligonge taratibu, ukilipulizia upepo upulizie kutoka ndani kwenda nje.

REHEMA: Viboko sasa.

KOMBO: Jua likizama wanapanda kula nyasi, zilezile mnazopigia picha. Kibokomaji mkubwa anapita kilo 1,500 na anakimbia kumshinda binadamu. Toa kila kitu garini kabla ya saa kumi na mbili jioni: dawa, chaja, koti. Ukisahau, unamwita askari wa hoteli akusindikize. Hakuna "nachukua dakika moja tu".

REHEMA: Na asubuhi magari hayawaki.

KOMBO: Usiku ule ni baridi na unyevu wa ziwa unaingia kwenye distribyuta. Kabla hujamaliza betri kwa stata, fungua kifuniko chake, pangusa ndani kwa kitambaa kikavu, pangusa na waya wa koili. Poinzi zikague hapohapo. Za Volkswagen pengo ni milimita 0.4, kadi nene ya mwaliko inakaribia hapo ukiwa huna kipimo.

REHEMA: Kurudi saa ngapi?

KOMBO: Mkae barabarani kabla ya saa sita mchana. Jumapili jioni njia yote ya kupanda ni foleni, na foleni ya kupanda ndiyo inayoua rejeta: injini inafanya kazi, upepo haupiti. Ukinaswa humo, fungua hita ya ndani hadi mwisho na madirisha yote. Mtatoka jasho, lakini ile ni rejeta ya pili.

REHEMA: Na viazi?

KOMBO: Kwa waliopanda na njia ya juu, gunia liwekwe mbele ya ekseli ya nyuma, si kwenye buti la mwisho. Ukiweka mwisho, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika ndege.