Kumuuzia China chuma na bado kumwambia kweli

Mhadhara uliotolewa kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Perth, Australia Magharibi

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, ndugu zangu, vijana mliokaa huko nyuma, habari za jioni. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza.

Naomba kwanza mninyooshee mikono. Wangapi humu ndani wanapanda ndege kwenda migodini Pilbara, wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani? Haya, nimeona, ni wengi kuliko nilivyodhani. Jiwe mnalochimba kule linashushwa kwa treni mpaka Port Hedland, linapakiwa melini, na zaidi ya asilimia 80 ya madini hayo ya chuma yanayotoka nchi hii yanaishia China. Mkopo wa nyumba unaolipa, na hela unayotuma Goma, Bujumbura au Tanga kila mwisho wa mwezi, imepitia tanuri la chuma la China kabla ya kukufikia. Kwa hiyo mtu asije akakwambia kwamba suala la China ni la wakubwa wa serikali huko Canberra. Wengi wetu tumekula kiapo cha uraia hapa, na tunapiga kura.

Mimi nitasema jambo moja nalo nitalitetea: nchi ya kidemokrasia ikitaka kuishi vizuri na China, iwe ngumu kwenye sheria zake na laini kwenye ulimi wake. Australia ilijaribu ulimi mkali kwa muda, ikaumia. Kisha ikajirekebisha, na tunaweza kuona kilichobadilika na kisichobadilika.

Turudi mwaka 2020. Aprili, korona imefunga dunia, Waziri wa Mambo ya Nje Marise Payne anajitokeza kudai uchunguzi huru wa chanzo cha ugonjwa. Dai lenyewe halikuwa na ubaya. Watu walikuwa wanakufa, kila mtu alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini siku chache baadaye Waziri Mkuu Scott Morrison akaongeza kwamba wakaguzi wa afya wapewe mamlaka kama ya wale wanaokagua silaha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa masikio ya Beijing ile haikuwa tena lugha ya madaktari, ilikuwa lugha iliyotumika kwa Iraq kabla ya kuvamiwa. Na aliyeitoa alisimama peke yake, bila kwanza kupitisha neno kwa majirani zake wa Asia.

Sasa angalieni tarehe. Mei 19, 2020, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kufanya tathmini huru ya jinsi dunia ilivyokabiliana na ugonjwa ule. Rasimu ilianzia Umoja wa Ulaya, na nchi zaidi ya 100 ziliiunga mkono, likiwemo kundi la nchi za Afrika. Ndiyo, nchi tulizotoka zilikuwamo. China yenyewe haikupinga. Siku hiyohiyo, shayiri ya Australia ikaanza kutozwa ushuru wa asilimia 80.5 kwenye forodha ya China. Azimio lililodaiwa na nchi nyingi lilipita salama, na aliyetangulia kupayuka akalipishwa. Nikisema twende kwa wingi namaanisha hicho. Sisemi tunyamaze.

Wiki moja kabla ya shayiri ilikuwa imeguswa nyama kutoka machinjio manne; baadaye yakafuata makaa ya mawe, pamba, magogo, mvinyo. Mvinyo ulipigwa ushuru uliofika asilimia 218 kwa baadhi ya makampuni, maana yake ni kufungiwa mlango kabisa. Meli zenye makaa zilitia nanga nje ya bandari za China kwa miezi, mabaharia wamekwama ndani. Mwezi Novemba ikaja zamu ya kambakoche.

Hili nililiona kwa macho. Mimi ni mtoto wa pwani, nimezaliwa Kilwa, na kambakoche kwetu huvuliwa na maskini akaliwa na mgeni wa hoteli. Basi mwisho wa mwaka ule nikasikia bandarini Fremantle wanauzwa moja kwa moja kutoka botini. Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu, watu wameshika ndoo na mifuko ya barafu. Mvuvi, mzee mwenye mikono iliyopasuka kwa chumvi, alikuwa akiwatoa mmojammoja kwenye kreti la plastiki, mkia unapigapiga, anaupima kwa macho, anautia kwenye mfuko wa mteja. Zamu yangu ilipofika akaniambia, mwaka jana huyu angekuwa ameshapanda ndege kwenda Shanghai. Kabla ya hapo zaidi ya asilimia 90 ya kambakoche wa jimbo hili walikwenda China, wakiwa hai. Mnunuzi mmoja! Nilimla yule kambakoche, nakiri alikuwa mtamu, lakini uso wa yule mzee haukunitoka. Hakuwa amefoka kwa yeyote. Waliofoka walikuwa Canberra, kwenye viti vya kuzunguka, na mshahara wao haukupungua.

Sasa, je, Australia ilipiga magoti? Haikupiga. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana watu wengi wanaisimulia habari hii nusu.

Novemba 2020 ubalozi wa China uliwapa waandishi wa habari orodha ya malalamiko 14. Ndani yake mlikuwamo kuzuiwa kwa Huawei, kampuni ya mawasiliano ya China, kwenye mitandao ya simu ya 5G, uamuzi wa Agosti 2018, na zile sheria za Juni 2018 dhidi ya uingiliaji wa mataifa ya nje, zilizopitishwa miezi michache tu baada ya seneta Sam Dastyari kung'oka kwa sababu ya uhusiano wake na mfadhili tajiri wa Kichina. Leo hii Huawei bado imezuiwa, na sheria zile bado zipo. Hata hivyo ushuru wa shayiri uliondolewa Agosti 2023, wa mvinyo mwishoni mwa Machi 2024, na kambakoche wakarudi Shanghai mwishoni mwa 2024.

Kilichobadilika ni nini? Serikali mpya ya Mei 2022 ilishusha sauti. Waziri Mkuu mpya Anthony Albanese alikutana na Xi Jinping Bali mwezi Novemba mwaka ule. Desemba 21 Waziri wake wa Mambo ya Nje, Penny Wong, alikuwa Beijing kwa mazungumzo, miaka 50 kamili tangu nchi hizi mbili zianzishe uhusiano wa kibalozi. Kesi za shayiri na mvinyo zilizokuwa Shirika la Biashara Duniani zikasimamishwa ili mlango ufunguliwe bila mtu kuaibika. Huko ni kuachia kitu, ndiyo, na mimi naona kilikuwa cha kuachiwa. Kauli ya serikali ikawa: tutashirikiana panapowezekana, tutatofautiana panapolazimu. Hakuna waziri aliyesimama tena kutafuta vichwa vya habari kwa kuitukana Beijing.

Na tuseme ukweli, chuma kilitubeba. China iligusa bidhaa nyingi ilizoweza kuzipata kwingine, lakini jiwe la Pilbara haikuligusa, kwa sababu takriban asilimia 60 ya madini ya chuma inayoagiza yanatoka hapa. Bei yake mwaka 2021 ilipita dola 200 za Marekani kwa tani. Shayiri ilipata wanunuzi Saudi Arabia, nyingine ikafika mpaka Mexico. Lakini wenye mizabibu hawakupata pa kukimbilia haraka. Na marafiki? Pengo letu kwenye soko la China lilizibwa na wauzaji wa Canada, Marekani na Ufaransa. Siwalaumu, biashara ni biashara. Ila mwanasiasa akija kwenye mlango wako akakuambia washirika wetu watatulinda, muulize habari ya makaa ya mawe na shayiri.

Kuhusu nyambizi za nyuklia za AUKUS, ule mkataba wa ulinzi kati ya Australia, Uingereza na Marekani, sitakaa sana. Za Marekani na Uingereza zimepangiwa kupishana hapo kwenye kituo cha jeshi la majini cha Garden Island kuanzia 2027, mwendo mfupi tu kutoka ukumbi huu, na gharama ya mpango mzima imekadiriwa kufika dola bilioni 368 za Australia. Nchi ina haki ya kujilinda. Lakini naogopa nchi inayodhani imeshajilinda kwa sababu imenunua chombo, huku ikiwa na mikataba kama ule wa bandari ya Darwin, iliyokodishwa kwa kampuni ya Kichina mwaka 2015 kwa miaka 99. Serikali ya Northern Territory, eneo ilipo bandari hiyo, ilitaka hela, ikapata dola milioni 506, na tangu hapo taifa zima linahangaika namna ya kuirudisha. Sheria ya kukagua mkataba wa namna ile ingegharimu karatasi na wino tu.

Nifike kwenye jambo lililonileta hasa.

Oktoba 2020, mbele ya kamati ya Seneti, waliitwa Waaustralia watatu wenye asili ya Kichina. Kamati ilikuwa inachunguza matatizo ya jamii za wahamiaji. Seneta mmoja wa chama kilichokuwa madarakani akawataka, mmoja baada ya mwingine, walaani Chama cha Kikomunisti cha China papo hapo, bila masharti. Raia wa nchi hii, wamekuja kusaidia Bunge lao, wanadaiwa kwanza wathibitishe kwamba si wasaliti! Hakuna Mwaustralia mwenye asili ya Kiingereza aliyeulizwa swali lile siku ile.

Ndugu zangu, sisi tunaijua harufu ya swali hilo. Leo anaulizwa Mchina, kesho vita vikipamba moto kwetu ataulizwa mtoto wa Bukavu au wa Kigali, "wewe uko upande gani?" Watu wenye asili ya Kichina hapa ni takriban milioni 1.4. Wengi wao wanaifahamu ile serikali kuliko mtaalamu yeyote wa Canberra, na wengine waliikimbia. Ukiwatukana umejitoboa macho mwenyewe.

Tena hao ndio wanaoonewa na upande wa pili. Julai 2023 polisi wa Hong Kong walitangaza zawadi ya dola milioni 1 za kwao kwa kila mmoja wa wanaharakati wanane walio ng'ambo. Wawili, Ted Hui na Kevin Yam, wanaishi hapa Australia. Wapo humu wanaojua maana ya simu inayolia usiku kutoka nyumbani, ndugu anakusihi ukome kuandika mtandaoni. Sheria za 2018 hazitaji China wala nchi yoyote. Ndiyo sababu nazipenda: zinamlinda mtu wa Hong Kong na zinamlinda Mrundi kwa maneno yaleyale.

Lakini siwezi kuwaambia kwamba sauti ya chini inafungua kila kufuli. Cheng Lei, mtangazaji raia wa Australia, alikaa kizuizini China miaka mitatu na ushee, akarudi Melbourne Oktoba 2023, na utulivu ule ulisaidia. Mwandishi Yang Hengjun, raia mwenzetu, alikamatwa Januari 2019. Februari 2024 alihukumiwa kifo, utekelezaji ukaahirishwa. Meli za shayiri zilianza kwenda, za mvinyo zikafuata, na yeye hakutoka.

Mbunge wenu akija kwenye futari au kwenye sherehe zenu za uhuru, na huja, kwa sababu anataka kura, msimuulize tu habari ya viza za ndugu zenu. Muulizeni: waziri alipokwenda Beijing mara ya mwisho, jina la Yang Hengjun lilitajwa mbele ya nani, na jibu lilikuwa nini? Msubirini ajibu.

Asanteni. Sasa tuchukue maswali, tuanze na bibi pale mbele.