Tumbo ni Lake, Sinia ni Letu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi. Upasuaji wenyewe, huu wa tumbo wa kupunguza uzito, daktari amekwisha kuueleza, sitarudia. Mimi nataka kusema na nyinyi mliokuja kumsindikiza mgonjwa: mama, mume, wifi. Nyinyi hasa.

Mtaani wanasema "amekata utumbo". Wagonjwa wengi hapa utumbo haukuguswa. Kilichopunguzwa ni mfuko wa chakula, umetolewa zaidi ya robo tatu, na uliobaki unachukua kama mililita 100 hadi 150. Vile vikombe vidogo vya kahawa ya barazani, viwili tu, umejaa. Sasa mtu huyo mnampakulia sahani ya pilau halafu mnamuuliza mbona hali?

Kuna dada mmoja nimemsimulia mara nyingi na nitaendelea kumsimulia. Wiki ya sita baada ya upasuaji alikwenda kwa mama mkwe. Akakuta ugali na kuku wa kienyeji. Tonge la kwanza likapita, la pili likapita kwa shida, la tatu likakwama hapa, katikati ya kifua. Mate yakamjaa mdomoni. Mama mkwe alipomwona anahangaika akamsogezea bilauri ya maji, kwa upendo kabisa: "Shushia, mwanangu." Akashushia. Maji nayo hayakuwa na pa kupita. Alitapika uani, mkono mmoja ukutani, huku akisikia ndani, "Kwani chakula changu kina nini?" Aliponieleza alikuwa analia, na hakulilia maumivu, alilia aibu. Masharti aliyajua yote, karatasi yetu ilikuwa kwenye mkoba wake. Aliogopa kuonekana ana maringo.

Mtaniambia, mila zetu haziruhusu kukataa chakula cha mkwe. Nani amesema akatae? Mume alikuwa amekaa palepale! Angempigia mama yake simu jana yake: mama, mwenzangu siku hizi anakula kidogo, mwekee kisahani cha chai, samaki chukuchuku na mchuzi kidogo, na maji asipewe mpaka nusu saa ipite baada ya kula. Dakika mbili za simu. Mama yule angepika kwa furaha.

Na msiniambie atakufa njaa. Anahitaji protini gramu 60 au zaidi kwa siku, kwa hiyo aanze na samaki, yai, mtindi, maharage yaliyopondwa. Ugali ungoje, nafasi ikibaki. Atafune mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni, ndiyo kijiko kingine. Kwenye sinia moja, mikono sita inakwenda mbio, hawezi. Mpeni kisahani chake, lakini akae palepale mkekani na wenzake. Kuna nyumba nimekuta mtu anakula jikoni peke yake miezi minne. Hiyo hapana!

Halafu majirani. Nywele zinaanza kukatika, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tatu, uso umesinyaa, na kukonda kwetu kuna tafsiri yake, mnaijua. Nimeona mtu ameanza kunywa soda na juisi kutwa ili anenepe kidogo watu wanyamaze. Vitu hivyo vinapita upesi, havishibishi, na uzito unarudi. Aliyefanyiwa baipasi, yaani ule upasuaji mwingine ambao chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo, akinywa soda anaweza kutoka jasho, moyo kwenda mbio, na kuharisha juu yake. Nyinyi wa nyumbani ndio wa kumjibia jirani, msimwachie yeye.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Vitamini ni za maisha, si mpaka kopo liishe. Waliofanyiwa baipasi, vidonge vya maumivu vya duka la dawa kama diklofenaki viacheni, vinaleta vidonda vya tumbo. Wenye sukari na presha, dozi inapunguzwa na daktari, si na wewe. Kina dada, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na msijiamini kwa kuwa zamani ilikuwa haishiki: uzito ukishuka inashika. Ukitapika siku mbili mfululizo njoo hospitali, usisubiri kliniki, maana vitamini B1 ikiisha mwilini mishipa ya fahamu inaharibika.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja ugali. Karibu, mama, uliza.