New York Anime Festival: tamasha lililozimika huku mashabiki wanaongezeka

Haya jamani sogeeni mbele, viti bado vipo, tuanze. Leo naongelea New York Anime Festival, tamasha la anime, yaani katuni za Kijapani, lililoishi miaka mitano tu, 2007 mpaka 2011. Nimelichagua hili makusudi, maana mtu akisikia tamasha limekufa anajua tu watu hawakuja, sasa hili watu walikuja, tena wakawa wanazidi, na bado likafa, kwahiyo tuangalie ilikuwaje.

Kwanza muelewe New York enzi hizo. Mji wa watu zaidi ya milioni 8 alafu hauna tamasha kubwa la anime la kwake. Ukitaka konvensheni, yaani mkutano mkubwa wa mashabiki, unapanda basi kwenda Baltimore kwenye Otakon, au unaenda Boston, au unavuka mto kwenda AnimeNEXT kule New Jersey. Kulishakuwa na jaribio la Big Apple Anime Fest pale Times Square, likaanza 2001, 2003 likawa limeisha. Na ukiangalia Otakon utaona inaendeshwa na mashabiki wenyewe wanaojitolea, watu wana kazi zao wiki nzima alafu jioni ndo wanakaa kupanga ratiba, sasa kikundi kama hicho ukikiambia kikakodi ukumbi mkubwa Manhattan hela kitatoa wapi? Manhattan ukumbi ni bei mbaya, hoteli ni bei mbaya, kila kitu.

Sasa aliyekuja kuweza ni kampuni ya biashara, Reed Exhibitions, hawa kazi yao ni maonyesho, wanaandaa maonyesho ya kila aina duniani. Februari 2006 walikuwa wameanzisha New York Comic Con, tamasha la vitabu vya katuni za Kimarekani na mambo yake, na siku ya Jumamosi watu walijaa mpaka zimamoto wakaja kuzuia watu wasiingie, wenye tiketi zao mkononi wamebaki nje. Wakaona kumbe mji una njaa. Ndo wakaamua anime nayo ipewe wikiendi yake, na la kwanza likafanyika tarehe 7 mpaka 9 Desemba 2007, kwenye ukumbi wa maonyesho wa Javits Center, Manhattan.

Hapa Javits nikae kidogo. Ni jengo kubwa la vioo, liko Barabara ya 11 pembeni ya mto Hudson, na miaka hiyo treni ya chini ya ardhi ilikuwa haifiki, kituo cha Hudson Yards kimefunguliwa 2015. Kwahiyo unashuka Penn Station unatembea kuelekea magharibi, na ni Desemba, upepo wa mtoni unakuja usoni moja kwa moja. Fikiria mtu kavaa kosplei, yaani mavazi ya mhusika wa anime, ya sketi fupi ya shule, au amebeba upanga wa sponji mrefu kuliko yeye, upepo unaupeleka huku na huku anaushika kwa mikono miwili, na wenye ofisi zao wanapishana naye wanageuka. Ukifika ndani joto, watu wanavua makoti na nguo zinaonekana sasa, kila kona kamera. Mwaka huo waliingia zaidi ya 15,000, kwa tamasha ambalo ndo linazaliwa ni watu wengi sana.

Ila angalia ratiba ya mambo. Septemba 2007, miezi mitatu kabla ya milango kufunguliwa, Geneon ambao walikuwa wakubwa kwenye DVD za anime Marekani wakatangaza wanaacha kusambaza wenyewe. Mwaka uliofuata tamasha likahamia Septemba, likaanza tarehe 26, na benki ya Lehman Brothers imefilisika tarehe 15 mwezi huohuo, mji huohuo. Aprili 2009 Central Park Media, kampuni ya anime ya New York yenyewe, ikafilisika. Septemba 2009 ADV, nao wasambazaji wa anime, wakauza mali zao.

Kwanini nawatajia makampuni? Kwasababu tamasha la kibiashara halili tiketi peke yake, linakula mabanda. Kampuni inalipia eneo, inaweka banda kubwa, inaleta wageni, inagawa posta, na wewe shabiki unaona ukumbi umechangamka. Na hela ya kulipia banda ilitoka kwenye DVD, diski moja karibu dola 30 na ndani episodi nne hivi, ukitaka msimu mzima hesabu mwenyewe. Wakati huohuo episodi ikionyeshwa Tokyo leo, kesho vikundi vya mashabiki vimeshaitafsiri na kuandika maneno chini ya picha, iko mtandaoni bure. Makampuni yalichelewa kuona hilo, na nasema hivi kwa masikitiko maana hao ndo walioleta anime madukani wakati hamna mtu anaijua. Crunchyroll, tovuti ya kuangalia anime, walipoanza kuonyesha kihalali Januari 2009, siku moja na Japani, dawa ilipatikana ila wagonjwa wengi walikuwa wameshaondoka.

Kwahiyo una mistari miwili, mmoja unapanda mwingine unashuka. Mashabiki 2008 zaidi ya 18,000, 2009 zaidi ya 21,000. Wenye mabanda wanapungua. Na 2009 kwangu ndo mwaka bora wa tamasha lote! Mgeni wa heshima alikuwa Yoshiyuki Tomino, baba wa Gundam, ile anime ya roboti za vita, mzee wa miaka 67, mtu ambaye tangu 1979 amebadilisha jinsi roboti zinavyosimuliwa kwenye anime, yuko New York anaongea na mashabiki wake. Alafu AKB48, kundi la wasichana waimbaji, nao wakaja kutoka Tokyo, wakapiga shoo kwenye ukumbi wa Webster Hall. Ukiona orodha ile huwezi kusema hili tamasha linaumwa.

Ila 2010 Reed wakaihamisha Comic Con kutoka Februari wakaileta Oktoba, na wakaziweka zote mbili wikiendi moja, jengo moja. Kwa mwenye biashara inaeleweka, gharama ya ukumbi mara moja, tangazo mara moja. Kwa mashabiki wa anime ilikuwa kama mdogo mtu kuhamia kwa kaka mwenye familia kubwa. Mambo ya anime yakawekwa ngazi ya chini ya Javits, juu ni Marvel na magemu na foleni, na malalamiko yakawa mengi kwamba tumetupwa chini. Na mimi nakubaliana nao kabisa, kwasababu tamasha sio ratiba ya vikao tu, ni kule kuingia mlangoni ukajua humu wote ni wenzangu. Mwaka ule mzima pamoja walihesabiwa kama 96,000, sasa watu elfu ishirini za anime utawaona wapi humo? 2011 ikarudiwa hivyohivyo, jumla ikapita 100,000, na 2012 jina la New York Anime Festival likaondolewa, vikao vya anime vikabaki ndani ya Comic Con kama kitengo.

Miaka mitano hiyo iliyofuata mji ukarudi ulipokuwa, watu wakapanda tena mabasi ya Baltimore.

Alafu Novemba 2017 ikaja Anime NYC, Javits palepale. Aliyeianzisha ni Peter Tatara, huyu alikuwa akisimamia ratiba ya lile tamasha lililozimwa, na kampuni iliyo nyuma yake, LeftField Media, imeanzishwa na Greg Topalian aliyeanzisha New York Comic Con akiwa Reed. Yaani watu walewale, jengo lilelile, ila safari hii wenye kulipia mabanda ni wa kustrimi, yaani kuonyesha mtandaoni, na wachapishaji wa manga, vitabu vya katuni za Kijapani, sio wa DVD, na wikiendi ni ya kwao peke yao. Mwaka wa kwanza watu 20,000 na zaidi, pale walipoachia 2009. 2024 wamehamia Agosti, wamepita 100,000, na treni sasa inafika karibu na mlango.

Mimi nimemaliza, kuna mkono kule nyuma naona umeinuliwa muda, karibu uulize.