Tia Mkono Ndani ya Rundo: Mhadhara Juu ya Kukagua Nyumba Kabla ya Kuinunua

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu.

Nianze na muhali, yaani kuona haya kumwudhi mtu, maana muhali unatutia hasara kuliko mchwa. Mtu ana fedha zake, nyingine kazikopa, nyingine katumiwa na mwanawe aliyeko Muscat. Anakwenda kutazama nyumba. Anakaribishwa ukumbini, anapewa kahawa, anaonyeshwa mlango wa nakshi. Muuzaji ni jamaa wa mama yake. Atamwambiaje, "Nipe ngazi nipande juu"? Anaona haya, anakubali bei. Mtu huyo huyo akinunua vespa huja na fundi wake aisikilize injini, na hakuna anayehisi katukanwa.

Aibu hiyo haina asili katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Akauliza, "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akajibiwa kuwa kilinyeshewa. Akasema, "Mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Basi yeye hakuridhika na kutazama juu ya rundo. Na ila, yaani kasoro, iliyofichwa siku ile ilikuwa maji ya mvua. Katika nyumba zetu pia, ila nyingi zinaanzia kwenye maji.

Mkaguzi anafanya nini? Anapita nyumba nzima, msingi mpaka paa, na tochi, timazi, pima maji na bisibisi. Havunji ukuta, kwa hiyo yaliyomo ndani ya ukuta anayakisia kwa dalili. Hasemi nyumba ina thamani gani, wala hakupi dhamana ya miaka kumi. Anakwambia hali ya leo, kwa maandishi. Fuatana naye, ripoti bila kuona kwa macho ni nusu ya faida.

La muhimu zaidi ni nani unamchukua. Asiwe fundi wa muuzaji, asiwe rafiki wa dalali, na asiwe yule anayetaka kazi ya matengenezo. Huko Marekani chama cha wakaguzi wa nyumba kilichoundwa mwaka 1976 kinamkataza mwanachama wake kutengeneza kwa malipo kasoro za nyumba aliyoikagua, mpaka upite mwaka mmoja. Kanuni hiyo ningependa tuichukue kama ilivyo. Anayelipwa kwa kuziba ufa ataona nyufa kila mahali.

Sasa nyumba zenyewe, hapa kwetu Zanzibar. Ukinunua Mji Mkongwe, unanunua mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta ule unakunywa unyevu na kuutoa, ndivyo ulivyojengwa. Mtu akiupiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unakosa njia. Unabaki ndani, unafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani, navyo vinaoza kwa siri huku sebule inang'aa. Kwa hiyo usiangalie katikati ya boriti, angalia inapoingia ukutani. Ichome kwa bisibisi: ikizama kama imeingia kwenye muhogo uliochemshwa, hapo pana kazi. Tembea sakafu ya juu ukiwa miguu mitupu, utahisi ilipobonyea. Ukikuta pembe moja tu imepakwa rangi mpya, uliza kwa nini pembe hiyo. Halafu tazama paa la jirani, maana kuta nyingi pale zinapakana na maji yake yanakuwa maji yako.

Beit al-Ajaib, jengo la Mji Mkongwe la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nawataja kwa sababu nyumba ya zamani haisubiri mwenyewe apate fedha. Na ukishanunua, usiguse ukuta kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Nyumba mpya, za Fuoni, Bububu au Chake Chake, zina maradhi mengine. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na chumvi inakula nondo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo zege linapasuka kufuata mstari wa nondo. Ukiona chini ya baraza au slebu, yaani dari ya zege, doa la kutu, au zege limebanduka, usikubali kuambiwa ni lipu tu. Nyufa nyembamba kama unywele katika lipu hazinitishi. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaopanuka unavyopanda, huo unataka mhandisi.

Uliza pia karo, yaani shimo la maji machafu, liko wapi na kisima kiko wapi. Na kama unaweza, nenda ukaitazame nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Aliyeishi karibu na ziwa la Mwanakwerekwe anayajua mafuriko, hahitaji kuelezwa. Ukienda kiangazi, waulize majirani maji hupita wapi. Watoto ndio wasemao kweli.

Umeme sitauongezea maneno: fungua boksi, ona kama waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, upo. Ardhi ni ya Serikali, unachonunua ni haki ya matumizi, na kama nyumba ni ya wakfu haiuzwi. Hayo ni ya wakili na Kamisheni ya Ardhi, lakini yafanyeni kabla ya kumlipa mkaguzi.

Nanyi wenye nyumba msiouza, pandeni paani kila Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma. Zoeni majani, tazameni misumari ya bati, zibueni njia za maji. Ni kazi ya asubuhi moja.

Ripoti ikishatoka, mnunuzi ana njia tatu: muuzaji atengeneze, bei ipungue, au aondoke kwa salama na jamaa wabaki jamaa. Lolote mtakalokubaliana liandikwe katika hati ya mauziano, kila kasoro kwa jina lake na chumba chake, na mashahidi watie saini mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, kabla fedha hazijahesabiwa.