Mkono wa T, Bega la A

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, hamjambo. Mliojipanga kule karibu na mlango nimewaona. Mimi mwenyewe nilikaa hapo hapo miaka miwili iliyopita, tena kwa sababu hiyo hiyo.

Nimeambiwa nizungumzie masomo yangu ya usanifu wa grafiki: nilichojifunza, nilikotoka na nilipofika. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nitakwama wapi. Nitazungumzia nafasi kati ya herufi. Ndiyo, tena. Mwaka jana nilipewa dakika 20, zote zikaishia hapo. Mwaka huu nimeongezewa 10, nadhani kwa matumaini kwamba nitafika kwenye rangi. Tutaona.

Hili ni boksi la viatu. Ndani mna kila kazi niliyochapisha tangu wiki ya kwanza, mbaya na mbaya zaidi. Hebu ona hili bango la tamasha la chuo. Nimehesabu fonti saba, yaani mitindo saba ya herufi. Kila neno lina kivuli, na nyuma ya maneno kuna jua linazama baharini, sijui linahusiana nini na tamasha. Nililiweka mpaka kwenye status. Nikapata C, nikaamini mwalimu ananionea wivu.

Hili la pili ndilo lililonifanya nisimame hapa. Tulipewa kazi ya bango la tahadhari ya mafuriko kwa watu wa mabondeni. Bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika mnalijua wenyewe, sina haja ya kulieleza. Nikasema safari hii sina mchezo. Fonti moja, rangi mbili, vivuli hakuna. Maneno mawili tu, kwa herufi kubwa: UKO TAYARI? Chini yake nyumba, maji yamefika dirishani. Nilimaliza saa kumi alfajiri, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Asubuhi mwalimu wetu wa tapografia, yaani sanaa ya kupanga herufi, akalibandika ukutani, akarudi kinyumenyume mpaka mwisho wa darasa, akanyamaza. Kisha akamwomba mmoja alisome kwa sauti. Mwenzangu yule, simtaji kwa sababu yumo humu ndani, akasoma: “Uko ta… ya… ri.” Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akaenda akalibandua, akaligeuza kichwa chini miguu juu, akalibandika upya. Akaniambia, “Sasa huwezi kulisoma. Labda utaliona.”

Nikaliona, jamani. Nilitamani sakafu inimeze.

Tatizo ni hili. Herufi hazifanani na matofali, lakini kompyuta inazipanga kama matofali. Kila herufi imefungiwa ndani ya boksi lake lisiloonekana. Ni urithi wa enzi za herufi za madini ya risasi, ambapo kila moja ilikaa juu ya kipande chake chenye pembe nne, na mpigachapa akapanga kipande kando ya kipande. H na I hazina neno, zimenyooka kila upande. Lakini T ina mikono hewani, na chini ya mikono hiyo ni uwanja mtupu. A imechongoka juu, mabega yake yameteremka. Boksi la T ligusane na boksi la A, na bado katikati linabaki pengo la kupitisha bajaji. Na Y je? Ni T iliyonyanyua mikono. Sasa andika T-A-Y-A: mapengo matatu yamefuatana. Halafu R na I zinakuja zimebanana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kwenye bango langu, mapengo ya ndani ya TAYARI yalikuwa karibu sawa na pengo la kati ya UKO na TAYARI. Yule mwenzangu hakunitania. Alisoma nilichoandika.

Nikadhani nitafungua laptopu nirekebishe kwa dakika tano. Mwalimu akanikataza laptopu. Akanipa karatasi ya manila na mkasi. Kata herufi moja moja, akasema, uzipange mezani kwa vidole. Uchukulie unamimina mchele kati ya herufi na herufi: kila nafasi ijae kibaba kimoja, isizidi, isipungue. Kati ya R na I mchele unamiminika kwenye kichochoro chembamba. Kati ya T na A unamiminika kwenye shimo. Basi sogeza A iingie chini ya mkono wa T mpaka shimo libaki la kibaba kile kile. Ilinichukua saa nne. Saa nne, herufi sita! Kufikia saa ya tatu nilikuwa namchukia mwalimu, manila, na Waroma walioleta hizi herufi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili hamtalikuta kwenye video za kujifunza dizaini, na ndilo linalonitoa usiku kitandani. Hizo jozi zinazosumbua, TA, WA, YA, VA, AY, AW, mtu anayesanifu maneno ya Kiingereza anakutana nazo mara moja moja. Sisi je? Fikirieni ngeli zetu. Watu: WA. Maji: YA. Wakati ujao: TA. Ukisema “watu watatawala” kwa herufi kubwa, umekwisha. Sarufi yenyewe inatuzalishia mapengo kila sentensi! Jina la nchi linaanza na TA. Endesha Barabara ya Kawawa kila siku, halafu nenda kaiandike KAWAWA kwa herufi kubwa bila kugusa nafasi, uone. Msanifu wa fonti makini huweka ndani ya fonti jedwali la jozi, kwamba T ikikutana na A zisogezwe kiasi fulani. Wenyewe wanaita keningi. Lakini fonti nyingi za bure tunazopakua hazina jedwali hilo, au zina jozi chache za kuzugia. Na sisi ni watu wa fonti za bure, tusidanganyane.

Najua kuna anayesema moyoni: dada, programu si ina kitufe cha kufanya hayo yenyewe? Ipo, na inasaidia. Kwenye aya ya maneno madogo iache ifanye. Kwenye kichwa cha bango kitakachosomwa na mtu aliye ndani ya daladala inayokimbia, weka jicho lako.

Mwingine anasema mteja haoni. Huyo ndiye ananikera kabisa. Mteja wa kadi ya mchango wa harusi hatakupigia simu kukuambia nafasi ya kati ya W na A imezidi. Atakuambia, “Kuna kitu hakijakaa sawa, hebu ongeza maua.” Wewe unaongeza maua. Anasema bado, weka na dhahabu. Unaweka dhahabu. Marekebisho ya nane, hujalipwa hata nusu, na kosa liko pale pale kwenye jina la bibi harusi.

Na wa tatu, huyu huwa ana ndevu na anakaa mstari wa mbele: mambo ya tapografia ni ya Wazungu. Kaka, nenda kafungue sanduku la bibi yako. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina lile lilianza kwa herufi za Kiarabu, likaja kwa herufi hizi tunazotumia leo, na watu wananunua au wanaacha doti nzima kwa sababu ya mstari huo mmoja. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lilichapa alama yake kwenye kanga, “K.H.E. – Mali ya Abdulla”, na wanawake wakaitafuta hiyo hiyo. Ninyi mnaita nembo mkadhani imeletwa na intaneti. Mwaka jana nilichukua kanga za mama nikazipima kwa rula. Nilichoona ni kwamba pale ambapo herufi za jina zimeachanishwa sana ili zijaze kisanduku chake, zile TA na WA hazisumbui macho. Ndivyo inavyokuwa: nafasi zote zikiwa pana, pengo moja lililozidi halipigi kelele. Hiyo ni dawa, na ilikuwa kiunoni mwa mama yangu siku zote nilizokuwa nahangaika.

Lakini aliyenifungua macho kabisa hakuwa mwalimu wala kanga. Siku ile ya mkasi nilirudi nyumbani kwa miguu, nimenuna. Kigogo nikapita genge limeandikwa kwa brashi kwenye ubao, MAMA TATU. Nikasimama. T imeinama kidogo, mkono wake umeikumbatia A, neno limeshikamana kama ngumi. Nikauliza nani kaandika. Nikaonyeshwa mzee mmoja upande wa pili anapiga rangi fremu ya kinyozi. Nikamwamkia, nikamuuliza, baba, nafasi hizi unapimaje? Akaniangalia kama nimemuuliza anavyopumua. Akasema, “T ina mkono, A ina bega. Mkono ukae begani.” Akaendelea na fremu yake.

Maneno tisa. Mimi nilikuwa nimelipa ada ya muhula mzima.

Mnanielewa? Simaanishi muache chuo mkapige rangi fremu, ingawa wapo humu ambao ingewafaa. Nasema yule mzee anaiona herufi ina mwili, na mimi nilikuwa naiona ni kitu cha kuchagua kwenye orodha. Maendeleo yangu yote ya miaka miwili, ukiniuliza, ni hayo. Sijawa mwepesi wa programu kuliko wenzangu. Wapo wanaonipita mbali. Ila sasa nikipita barabarani sisomi mabango, naona mabega. Ni ugonjwa. Kwenye misiba nasoma mashada.

Nikiwa hapo hapo: mkipanga kurasa za mazoezi, acheni yale maandishi ya Kilatini ya kujazia. Maneno yake hayafanani na yetu. Sisi tuna “watakapotutembelea”, neno moja, herufi 18. Liweke kwenye safu nyembamba uone linavyoibomoa. Na badilisheni lugha ya programu kabla ya kuruhusu ikate maneno mwisho wa mstari. Ukiiacha kwenye Kiingereza inaweza kukukatia nyumba kuwa “nyum-ba”, wakati mtoto wa darasa la kwanza anajua ni nyu-mba.

Naonyeshwa saa. Haya, rangi. Kijani kile kinachowaka kwenye skrini hakichapishiki. Skrini inatoa mwanga, mashine inatumia wino wa aina nne, na kijani chako kitatoka kama mlenda uliolala. Geuza faili iwe ya rangi za uchapaji mapema, usisubiri wachapaji wa Kariakoo ndio wakufundishe. Acheni milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Kuhusu laptopu mbovu, sitaki kusikia: mchoraji Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi ya baiskeli na vipande vya ubao, na ingawa alikufa mwaka 1972, mtindo wake wa uchoraji bado tunauita kwa jina lake. Bei na mikataba nilikuwa nimeandaa kurasa mbili. Nitafuteni kantini.

La mwisho ni zoezi, na mlango umefungwa, nimeomba ufungwe. Manila iko mezani, mikasi iko mezani. Kila mtu akate jina lake la ukoo kwa herufi kubwa, alipange, halafu jirani yake aligeuze kichwa chini. Wenye majina kama Hussein na Simon mtamaliza mapema, mwende mkanywe chai. Wakina Lyatuu, poleni sana, tutakuwa wote hapa mpaka jioni.