Marko Aliishia Wapi? Mstari wa Ubatizo na Safu Iliyoachwa Wazi

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu niliowaona pale nyuma, asalaam aleikum, karibuni. Leo hakuna mdahalo, kaeni kwa raha.

Wenye Biblia fungueni Marko 16, mstari wa 16. "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Walutheri mliopita darasa la kipaimara mnaujua kwa kichwa, maana Luther ameuweka kwenye Katekisimu Ndogo, pale anapouliza ubatizo una faida gani. Mimi niliukariri nikiwa mtoto, mwalimu kasimama na kifimbo chake mbele yangu. Haikunipitikia kamwe kwamba kuna watu wanauliza kama Marko aliuandika.

Sasa rudini juu, mstari wa 8. Wanawake wametoka kaburini mbio, wanatetemeka, hawakumwambia mtu neno, "maana waliogopa". Wekeni kidole hapo msikiondoe. Katika nakala mbili za Kigiriki zilizo kongwe kuliko zote tulizonazo zenye sura hii, Injili ya Marko inaishia hapo kwenye kidole chako. Zote ni za karne ya 4. Moja iko maktaba ya Vatikano. Nyingine ilikuwa kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina mlimani Sinai, ikaenda Urusi, na sehemu yake kubwa Waingereza wakainunua kwa Wasovieti mwaka 1933, iko London.

Ile ya Vatikano nataka muione vizuri. Kila ukurasa una safu tatu za maandishi. Kawaida ya mnakili ni kwamba kitabu kikiisha, kinachofuata kinaanza safu ya jirani, maana ngozi ilikuwa ghali na hakuna wa kuichezea. Marko anaishia safu ya pili. Safu ya tatu nzima imeachwa tupu, na Luka anaanza ukurasa mwingine. Katika Agano Jipya lote la nakala ile, hakuna mahali pengine alipofanya hivyo. Kwa nini? Mimi naona alijua kuna maneno yanayosomwa kwingine baada ya "waliogopa", lakini nakala aliyokuwa akiinakili haikuwa nayo. Akaacha nafasi.

Lakini msikimbilie kusema mistari inayofuata, wa 9 hadi wa 20, iliongezwa juzi. Irenayo, askofu wa Lyon, aliunukuu mstari wa 19 mnamo mwaka 180, tena akasema wazi unatoka mwishoni mwa Marko. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja kabla ya zile nakala mbili kuandikwa. Na nakala za Kigiriki zenye mistari hii kumi na miwili zinapita 1,600. Kwa upande wa pili, Eusebio wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliandika kwamba nakala zilizo sahihi zinaishia kwenye hofu ya wanawake. Yeronimo naye alilisema jambo hilohilo, kisha akaiacha mistari ikae katika Biblia yake ya Kilatini. Kwa hiyo wanaodhani shaka hii imeletwa na maprofesa wa Ujerumani, wamechelewa kama miaka 1,500.

Tuache nakala, tusome yenyewe. Mstari wa 9 unamtaja Mariamu Magdalene na kutueleza kwamba ndiye yule aliyetolewa pepo saba. Jamani, huyu mama tumeshakutana naye msalabani, tukamwona kwenye maziko, na mstari wa 1 wa sura hiihii ananunua manukato. Nani anamtambulisha mgeni baada ya kula naye chakula mara tatu? Kisha malaika kaburini amesema wanafunzi watamwona Yesu Galilaya. Msikilizaji anaingoja Galilaya. Katika mistari kumi na miwili yote haitajwi hata mara moja.

Na kuna miisho mingine. Nakala moja ya Kilatini ya kale, iliyoko Turin, ina kimalizio kifupi tu cha maneno machache na haina kitu kingine. Nakala nyingine, iliyonunuliwa Misri mwaka 1906 na sasa iko Washington, inapenyeza mazungumzo ya ziada baada ya mstari wa 14. Ukiona nyumba imeezekwa mabati ya rangi tatu, unajua fundi wa kwanza hakumaliza kazi.

Kwa hiyo kauli yangu ni hii: sidhani kwamba Marko aliiandika mistari ile kumi na miwili. Kama alikusudia kuishia pale, au ukurasa wa mwisho ulichanika ukapotea, sili kiapo, ila moyo wangu uko kwa ukurasa uliopotea. Neno la mwisho kabisa kwa Kigiriki ni lile "maana". Yaani habari njema inaishia kwenye "maana", kama mtu aliyekatikiwa na salio katikati ya maneno.

Wakatoliki mnisikilize hapa msije mkanichukia. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1546, ulipokea vitabu vya Biblia pamoja na sehemu zake zote. Swali la nani aliandika ni moja, na swali la kama Kanisa linalipokea kama Maandiko ni jingine. Mtu anaweza kujibu "si Marko" kwa la kwanza na "ndiyo" kwa la pili, bila kugeuka mzushi. (Ingawa nakiri huwa natabasamu kila tarehe 25 Aprili: sikukuu ya Marko Mwinjili, na injili inayosomwa siku hiyo ni Marko 16:15 hadi 20.)

Mambo haya si ya maktaba tu. Mstari wa 18 unasema watashika nyoka, na wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Huko Tennessee, Marekani, mhubiri George Went Hensley aliuchukua kama ulivyo, akawa anawashika nyoka wa sumu ibadani kwa miaka mingi. Mwaka 1955 mmoja alimgonga, akafa. Na hapa kwetu, ni nani ambaye hajasimama kwenye mhadhara wa uwanjani akasikia mtu anamwambia mchungaji, "Kama unaamini, kunywa hii"? Mnacheka, lakini nimeona mchungaji akikosa jibu mbele ya waumini wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia habari ya safu iliyoachwa wazi.

Sasa ubatizo. Wenzetu wanaofundisha kwamba bila maji hakuna wokovu huutanguliza mstari wa 16. Wenzetu wanaosema imani kwanza, maji baadaye, wana mstari wao: Matendo 8:37. Towashi wa Kushi anauliza, nini kinanizuia nisibatizwe, na Filipo anajibu, "Ukiamini kwa moyo wako wote, inawezekana." Mzuri sana. Kasoro yake ni kwamba nao haumo katika nakala za zamani zaidi. Ndiyo maana Biblia nyingi zimeutia ndani ya mabano au kuushusha chini kwenye tanbihi. Na Irenayo yuleyule anayajua maneno yale pia! Basi kila kambi ina shahidi ambaye karatasi zake zina utata. Nimegundua kwamba hatuombi vyeti vya mstari unaotuunga mkono. Tunaomba vya ule wa jirani.

Nimejaribu kuiweka mistari yote miwili kando nione kinachobaki. Kinabaki kingi, na hakikai kimya. Petro siku ya Pentekoste: "Tubuni mkabatizwe kila mmoja", mpate ondoleo la dhambi. Petro tena, katika waraka wake, anathubutu kusema ubatizo "unaowaokoa", kisha palepale anaeleza kwamba si kuosha uchafu wa mwili. Anayeniambia ubatizo ni sherehe tu ya picha na pilau anijibu hapo. Halafu nyumbani kwa Kornelio Roho anashuka kabla ndoo haijaletwa. Mwizi msalabani hakuoshwa na mtu. Na Paulo anawaambia Wakorintho kwamba Kristo hakumtuma kubatiza. Mungu anatumia maji, lakini maji hayamfungi mikono.

Mfano wa karibu ni Uganda. Mei 1886, kule Munyonyo, Karoli Lwanga alijua kabaka Mwanga atawaua vijana wa ikulu. Usiku ule akawabatiza waliokuwa bado, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama kumi na minne. Hakuona kwamba maji yanaweza kungoja. Lakini Mukasa Kiriwawanvu hakuwepo, alikuwa kifungoni. Akachomwa Namugongo tarehe 3 Juni akiwa bado mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa ubatizo, tone la maji halijamgusa. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale mashahidi 22, Mukasa alikuwa mmoja wao. Kanisa linauita huo ubatizo wa damu.

Naona mkono. Ndiyo, mama.

(Mama mmoja aliuliza habari ya mjukuu wake aliyefariki akiwa na siku mbili, hajabatizwa. Siku ya maziko walisomewa Marko 16:16 na kuambiwa hakuna ibada.)

Pole sana, mama. Hebu nisaidieni, someni wote kwa sauti nusu ya pili ya mstari huo. "Asiyeamini, atahukumiwa." Maji yametajwa hapo? Hayakutajwa. Anayehukumiwa hapo ni mtu aliyesikia akakataa, na mtoto wa siku mbili hajakataa kitu isipokuwa labda ziwa. Kwa hiyo hata kama Marko mwenyewe aliuandika kwa mkono wake, mstari ule haukumhusu mjukuu wako. Aliyewasomea aliishia katikati.

Alikuwa amepewa jina? Nitajie, tutamwombea sasa hivi kabla ya swali linalofuata.